Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: fundi naye alipwe anapopima

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu kutoka Mwanga. Mimi ni fundi bomba. Naishi kwa koki, pampu na simtanki.

Mwaka jana shule moja iliniita nikatupie jicho mfumo wake wa maji. Jicho hilo lilichukua siku mbili. Nilipanda mnara wa tanki, nikashusha kamba kisimani kupima kina, nikahesabu mabomba mpaka vyooni, usiku nikaandika mchanganuo wa kurasa tatu. Malipo: soda, na "asante sana fundi." Kazi ilipotangazwa nikaomba. Nikaambiwa siruhusiwi, maana mchanganuo ni wangu. Aliyepewa alinifuata nyumbani kuniuliza maana ya mstari mmoja. Alishika nakala kivuli ya karatasi yangu, hadi doa la grisi la kwenye kona.

Katazo lenyewe silipingi. Kanuni za ununuzi wa umma zinamzuia mshauri wa mradi kugeuka mkandarasi wa mradi huohuo, na sababu yake naijua kwa kuwa nimewahi kuitenda. Mama mmoja wa Ujiji aliniita, pampu haipandishi maji. Sikuhangaika kuifungua, nikamwambia anunue mpya na mabomba yake. Akanunua, nikafunga, nikala hela ya ufundi, na ile ya zamani nikaondoka nayo kama chuma chakavu. Kuja kuichokonoa nyumbani, pampu nzima. Ubovu ulikuwa kwenye bomba la kufyonza: ile vali inayozuia maji yasirudi kisimani imeshikwa na mchanga. Basi. Siku ile nilikuwa nadaiwa ada ya watoto, na mdomo ukasema kinacholipa. Kushauri hakulipi, kufunga kunalipa.

Huko juu wametenganishwa: makandarasi wana bodi yao, wahandisi na kampuni zao za ushauri wana yao, zote kwa sheria za mwaka 1997. Sisi wa force akaunti, yaani kazi ambazo shule au kijiji kinanunua vifaa chenyewe na kuita fundi wa mtaani badala ya mkandarasi, mwenye spana ndiye huyohuyo mwenye kalamu.

Ninachoomba, kamati za shule na vijiji zinazosimamia kazi hizi zielekezwe kusema kabla sijapanda ngazi: unakuja kupima au kufunga? Kama ni kupima, nilipwe siku zangu kwa stakabadhi, kazi ikianza nikae pembeni. Sidai viwango vya kampuni za Dar es Salaam. Ujira wa siku wa fundi na nauli ya bodaboda vinatosha. Na pale kijiji kina fundi mmoja tu (huko ukanda wa ziwa, vifaa vinakofika kwa boti, vijiji vya hivyo vipo), apime na afunge yeye, ila mhandisi wa halmashauri afungue koki kwa mkono wake, aone maji, ndipo hela ya mwisho itoke.

Yule mama wa Ujiji nilimrudishia pampu yake, inafanya kazi. Aliipokea mlangoni. Karibu ndani hakusema.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi bomba, Mwanga, Kigoma