Filamu za Mashujaa: Kinachochosha Ni Hadithi Isiyokwisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wale wanaodai, kama ninavyosikia mara nyingi hapa Moshi, kwamba filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu zinakimbiwa kwa sababu vijana wamekosa uvumilivu wa kukaa na kutazama.

Enzi za vibanda vya video hapa Majengo tulibanana kwenye mabenchi tukijua fika kwamba steringi hafi, na bado tulimhofia, kwa kuwa kisa kilianza, kikapamba moto na kumalizika mbele ya macho yetu siku ileile. Marvel, studio ya Marekani inayotengeneza filamu hizi za mashujaa, nao walituheshimu hivyo kwa muda mrefu. Walianza na Iron Man mwaka 2008, na kufikia Avengers: Endgame ya mwaka 2019, iliyoingiza takriban dola bilioni 2.8, walikuwa wametoa filamu 22. Tony Stark, yaani Iron Man mwenyewe, alipokufa nililia, wala sioni haya kusema hivyo.

Hadithi ilipaswa kutua hapo. Badala yake, kuanzia Januari 2021 zikaongezwa tamthilia kwenye Disney+, huduma ya kutazama mtandaoni ambayo hulipiwa, na filamu zikaanza kuzitegemea. The Marvels ya Novemba 2023 ina mashujaa watatu, na habari za wawili kati yao zilisimuliwa kwa kirefu katika tamthilia hizo. Nilimpeleka mpwa wangu Arusha kuitazama, na wakati wa kurudi, tangu Usa River hadi Boma Ng'ombe, aliniuliza yule dada ni nani na nguvu zake alizipata wapi, nami sikuwa na jibu. Filamu hiyo iliingiza takriban dola milioni 206 tu, kiasi kidogo kuliko zote zilizoitangulia katika mfululizo huo.

Sungura na Fisi tumesimuliwa vizazi na vizazi bila kuwachoka, lakini hakuna bibi aliyemwambia mjukuu kwamba hataelewa kisa cha leo kwa kuwa jana alilala mapema.

Najua nitakumbushwa kwamba Deadpool & Wolverine ya mwaka 2024 ilipita dola bilioni 1.3. Ni kweli, na ilifurahisha, ila ilimrudisha Wolverine, shujaa tuliyemzika mwaka 2017, kwa maelezo kwamba huyu ametoka ulimwengu mwingine. Julai 2024 ikatangazwa kwamba Robert Downey Jr., aliyeigiza Tony Stark, anarudi kama adui, Doctor Doom. Mtazamaji aliyelia mwaka 2019 ataaminije msiba mwingine?

Bob Iger, aliyekuwa akiiongoza Disney, kampuni inayomiliki Marvel, alisema mwaka 2024 kwamba filamu za Marvel hazitazidi tatu kwa mwaka na tamthilia zitakuwa kama mbili. Ni hatua njema, lakini hata filamu moja kwa mwaka itachosha ikiwa haijitoshelezi. Kwa sasa ninaomba ukurasa wako wa burudani, kila filamu ya aina hii inapowadia, uwaeleze wasomaji ni zipi wanapaswa kuwa wamezitazama kabla hawajakata tiketi.

Mtazamaji wa siku nyingi,
Majengo, Moshi