Barua ya wazi kwa wazazi wachanga wa korti yetu: raha yenu msimbebeshe dada

Wanangu,

Hamjambo nyote. Ni mimi mzee wa nyumba ya pembeni hapa Buruburu, yule ambaye watoto wenu wote humwita guka, hata wale ambao kwao babu haitwi hivyo. Naandika hadharani kwa sababu mkutano wa korti, yaani wa sisi majirani wa ndani ya geti moja, ukiitwa hamji, na nikituma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp mnausikiliza kwa kasi maradufu. Basi someni, tena polepole.

Lililoniudhi ni hili. Juzi juzi nilipanda Madaraka Express kwenda Mombasa kumwona mdogo wangu. Mbele yangu, kwenye vile viti vya kutazamana, waliketi baba, mama, watoto wawili na dada yao wa kazi. Hata Athi River hatujafika, baba alishachomeka vidude masikioni na kuwasha filamu kwenye simu yake. Mama naye akawasha ya kwake. Kuanzia hapo safari ikawa ya dada. Mtoto mchanga alikuwa mapajani mwake, mkubwa amemwegemea bega. Ndiye aliyekoroga maziwa, ndiye aliyeenda kubadilisha nepi katika choo kile kinachoyumba, ndiye aliyefuta juisi sakafuni kwa leso yake mwenyewe. Tulipopita Mtito Andei wakatokea ndovu karibu na reli, wekundu kwa vumbi la Tsavo. Dada akamwinua mtoto dirishani: "Ona ndovu! Ona na mtoto wake nyuma!" Baba akachomoa kidude kimoja, akainua simu, akapiga picha, akakichomeka tena. Kikapita kigari cha vitafunio, wakanunua, wakala. Dada alikula maganda ya mkate aliyoyakataa mtoto.

Wale si watu wabaya. Walivaa vizuri, walinisalimia kwa heshima, hata mkoba wangu walinisaidia kuupandisha. Ndiyo maana nimekasirika zaidi, kwa sababu ni watu kama nyinyi, na wengine ni nyinyi wenyewe. Mnaposema mnamchukua anti, yaani dada wa kazi, "naye akaone bahari", mimi huuliza: ataiona saa ngapi? Asubuhi anapika uji mkiwa mmelala. Mchana mko majini, yeye yuko chini ya mwavuli na mtoto wenu mchanga analia jua. Usiku mmetoka kula samaki, yeye yuko chumbani anabembeleza. Halafu mkirudi Nairobi mnamhesabia ile wiki kuwa ni likizo yake!

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haisemi hivyo. Inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, baada ya miezi 12. Dada wa nyumbani ni mfanyakazi. Kusafiri na watoto wenu ni kazi, tena ni kazi ngumu kuliko ya nyumbani, kwa sababu jiko si lake, kitanda si chake na mtoto amevurugikiwa na kila kitu. Mkimchukua, mpeni kitanda, si godoro la kutandika karibu na choo. Mpeni chakula cha kwake kwenye sahani yake. Mpeni siku nzima asiyobeba mtoto, na nauli ya matatu mkononi aende anakotaka, kwa maana mkono mtupu haulambwi. Kama bajeti haitoshi hayo, basi haitoshi kumchukua. Mwacheni aende kwao, nanyi mwende na watoto wenu kama wazazi wao.

Na hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Yule mtoto akikua, atakumbuka kwamba aliyemwonyesha ndovu alikuwa ni anti. Na anti, mnavyowabadilisha, Krismasi ijayo huenda hayupo.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani nawaambia mkae nyumbani mpaka watoto waingie sekondari. Sivyo. Nyinyi bado ni vijana. Mzazi aliyejinyima kila kitu huwa mkali bila sababu, na anayepokea ukali huo ni mtoto. Nendeni sinema. Safirini. Ninachokataa ni ile tabia ya kutaka raha ileile mliyokuwa nayo kabla ya kuzaa, kwa saa zilezile, kisha gharama alipe mtoto, au dada, au mama peke yake.

Tuanze na sinema, kwa sababu hapo nina haki ya kusema. Miaka ya sabini na themanini nilifanya kazi katika ukumbi wa sinema mjini, kwanza nikimulika tochi kuwaonyesha watu viti vyao, baadaye dirishani nikikata tiketi. Kabla ya picha kuanza wimbo wa taifa ulipigwa, ukumbi mzima ukasimama na bisi mkononi. Wenye watoto wadogo hawakuja kwetu usiku. Walikuwa na jawabu lao: Fox kule barabara ya Thika, au Belle-Vue barabara ya Mombasa, ambako unatazama picha ukiwa ndani ya gari. Watoto huogeshwa nyumbani, huvalishwa nguo za kulalia, hulazwa kiti cha nyuma na blanketi. Picha ikianza kunoga, wao wako usingizini. Mama anakula chipsi, baba ameshika kile kispika cha dirishani. Hizo zote zimekwisha. Belle-Vue imebaki jina la stendi ya matatu, kama Globe ilivyobaki jina la raundabauti, na nyinyi mnaipita kila siku bila kujua kwamba Globe ilikuwa sinema.

Leo naona nini? Saa tatu za usiku, katika jumba la maduka, mtoto wa miaka mitatu anaingizwa kwenye picha ya bunduki. Amejiziba masikio kwa viganja. Akilia, anaambiwa, "Si wewe ulisema unataka muvi?" Jamani! Bodi ya Uainishaji wa Filamu huweka alama kwa sababu. GE ni ya watu wote. PG ni kwamba mzazi awe karibu amwongoze mtoto. 16 na 18 ni umri wenyewe ulivyoandikwa. Kuwepo kwako hakuigeuzi 16 kuwa PG, wala bisi kubwa haiigeuzi.

Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, lilisema mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Picha moja ya ukumbini ni saa moja na nusu na zaidi, tena gizani, tena sauti inatikisa kifua. Kwa hiyo mngoje afike miaka mitano. Mchague maonyesho ya asubuhi, si ya usiku. Mfike mkiwa mmechelewa kidogo kwa makusudi, ili yale matangazo ya picha nyingine yawe yamepita, maana humo ndimo huchomekwa mazimwi. Kaeni nyuma, mbali na spika, viti vya kando karibu na mlango. Na mwambieni mapema kwamba akiogopa mtatoka. Akisema tutoke, tokeni. Pesa ya tiketi imeshakwenda, msimfokee mtoto kwa ajili yake. Mwisho wa picha mtasimuliwa kazini.

Ya kwenu wenyewe, ya watu wazima, itazameni wawili. Nyumbani mnaweza kuikata nusu leo, nusu kesho, watoto wakishalala. Kina mama wa hapa wamefanya hivyo na tamthilia za Kifilipino miaka na miaka na hakuna aliyekufa.

Nanyi kina baba, hebu sogeeni. Jumamosi mpira wa Uingereza, Jumapili mpira wa Uingereza, Jumanne na Jumatano mpira wa Ulaya. Mnatoka hapa kortini mkinukia marashi, "naenda kuangalia gemu na maboyz." Mwenzako sinema yake ya mwisho aliiona akiwa na mimba ya kifungua mimba. Ukirudi saa sita unamkuta amenuna, unasema ndoa imekuwa ngumu. Haijawa ngumu. Mtu mmoja ameibeba na mwingine ameikalia. Mwachie Jumamosi moja, ubaki na watoto wewe, si wewe na mama yako, si wewe na dada. Wewe.

Ya safari nitayapita upesi, maana mengi mnayajua ila hamyafanyi.

Watoto wenu bado hawajaanza shule. Kwa nini mnang'ang'ania Desemba, nauli juu, hoteli juu, ufuo umejaa? Nendeni Februari, au Septemba. Mei muiache, Pwani mvua humwagika.

Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtoto wa hapa hajazoeana na malaria. Akienda Pwani au Kisumu, alale ndani ya chandarua kila usiku, hata mkiambiwa hakuna mbu. Mkisharudi, homa yoyote wiki zinazofuata, apimwe, na daktari aambiwe mlikotoka. Usimpe dawa ya mafua na kungoja.

Kwenye kona za Mai Mahiu mtoto atatapika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo bebeni kopo lenye mfuniko na maji ya kusuuzia. Pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kukorogea maji mtoto akitapika au akiharisha, ziwe mkobani, si ndani ya sanduku kwenye buti la gari.

Ndegeni, mnyonyeshe au mpe chupa ndege inapopaa na inaposhuka. Masikio humuuma.

Jambo moja kwa siku. Fort Jesus asubuhi, basi, mchana alale. Mtoto hapangiwi ratiba ya watalii wa Kijerumani.

Na picha za simu zitoshe.

Halafu mjue safari si lazima iwe Mombasa. Mmewahi kuwapeleka Jumba la Makumbusho ya Reli, pale karibu na stesheni? Lipo tangu 1971. Mtoto anapanda juu ya garimoshi halisi la mvuke, anashika vyuma, anachafuka, hakuna anayemfukuza. Kuna behewa ambamo Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, alinyakuliwa na simba katika stesheni ya Kima mwaka 1900. Alikuwa akimvizia simba huyohuyo, akapitiwa na usingizi. Watoto wa miaka sita huipenda hadithi hiyo kupita kiasi. Wa miaka miwili msimsimulie jioni.

Karura nayo, ule msitu wa hapa Nairobi, ipo kwa sababu mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiitetea. Ingekuwa nyumba sasa, na nyinyi mngekuwa mnalipia watoto wenu kuruka kwenye madude ya kupulizwa hewa ndani ya maegesho ya moli, kama mnavyofanya. Siwalaumu peke yenu kwa hilo. Huu mji umewatupa watoto. Korti hizi zilipojengwa miaka ya sabini palikuwa na uwanja katikati, mtoto anacheza na mama anamwona kutoka dirishani. Leo pale katikati ni magari yenu, na kando ni vibanda na nyumba za nyongeza tulizojenga sisi tukitafuta kodi. Kumbi za mjini zimegeuka makanisa na maduka. Kila raha ya mtoto imewekewa tiketi na mlinzi wa kukagua mikoba. Mzazi asiye na gari, mwenye watoto wawili na konda anamwambia "mama pakata huyo," atatoka saa ngapi? Wanaogombea viti vya uwakilishi wa wadi hapa huja na fulana na unga. Sijasikia hata mmoja akiahidi bembea.

Tukiwangoja hao tutazeeka, na mimi nimeshamaliza. Kwa hiyo nina pendekezo. Nyote mko kwenye chama cha kuchangiana. Mnachangiana sufuria, mnachangiana mashamba Kitengela. Changianeni jioni. Nyumba nne, kila Jumamosi nyumba moja inakaa na watoto wa zote, wazazi wa zile tatu nyingine wanatoka wawili wawili, waende sinema, waende kula, waende kulala wakipenda. Jumamosi inayofuata zamu inahama. Hakuna pesa inayotoka, na dada zenu siku hiyo wako huru, hawaitwi "kusaidia kidogo".

Zamu ya kwanza tunaichukua sisi, mimi na mama yenu. Leteni watoto wakiwa wameshakula, nepi za kutosha, na kile kitambaa au mdoli ambao mtoto halali bila kuushika, maana usiposema mapema tutautafuta usiku kucha. Anayepiga simu kila nusu saa kuuliza kama analia, simpokei. Na saa nne za usiku mlinzi anafunga geti.

Ni mimi guka wenu,
Buruburu, Nairobi