Brady Alisugua Benchi: Barua ya Wazi kwa Vijana Wetu wa Lowell

Wajukuu zangu,

Jumamosi iliyopita tulikuwa pamoja kwenye sherehe ya mahafali. Mliniona nimekaa pembeni na kikombe cha chai, mkadhani Babu anasinzia. Sikusinzia. Nilimsikia mwenzenu, kijana wa miaka kumi na sita niliyembeba mgongoni kabla hajaota meno, akieleza kwamba ameirudisha jezi ya timu ya shule ya mpira wa Kimarekani kwa sababu kocha amempanga kuwa kwotabeki wa pili, yaani wa akiba. Nikawasikia mnampigia makofi. Baba yake akaongezea kwamba kocha yule ni mbaguzi. Kisha mmoja wenu akatamka maneno yaliyoninyima usingizi: "Achana nao. Brady hakuwahi kusugua benchi." Alimaanisha Tom Brady, kwotabeki mashuhuri wa mchezo huo.

Sikuwajibu palepale kwa kuwa sherehe ilikuwa ya binti wa watu na sikutaka kumharibia siku yake. Nawaandikia sasa, tena waziwazi, ili wazazi wenu nao wasome.

Mimi nilifika Massachusetts mwaka 2000, nikapata kazi ya usiku ya kuwahudumia wazee. Mmoja wao alikuwa hapati usingizi, nami sikuruhusiwa kulala, basi akanifundisha mchezo huu wa Kimarekani. Akanieleza kwamba kwotabeki ndiye anayepewa mpira kutoka katikati, na ana nafasi ya kuvuta pumzi mbili tatu tu kuamua aurushe kwa nani kabla hajaangukiwa na majitu. Mwaka huohuo niliofika mimi ndio mwaka Brady alioletwa hapa New England. Kwa hiyo habari zake sikuzisoma kwenye simu. Niliziishi.

Sikilizeni basi. Alipokuwa mvulana wa umri wenu, kule San Mateo, California, alikuwa katika timu ya wadogo ya shule ya Serra iliyofungwa mechi zote nane za msimu. Hata katika timu hiyo yeye alikuwa wa akiba. Fikirini: timu isiyoshinda hata mara moja, na bado kocha aliona yupo aliye bora kuliko yeye.

Mwaka 1995 akaenda Chuo Kikuu cha Michigan. Akakuta kwenye orodha ya makwotabeki yeye ni wa saba. Mwaka 1997 Michigan ikatwaa ubingwa wa taifa, kwotabeki akiwa Brian Griese, na Brady akiwa amevaa jezi safi isiyo na tope. Alitaka kuhama chuo, arudi kwao California. Alikuwa amefika pale alipofika mwenzenu wiki hii, mguu mmoja ndani na mwingine nje.

Hapo ndipo alipokutana na Greg Harden. Mshikeni jina hilo, kwa sababu hakuna anayemtaja mnapobishana. Alikuwa mshauri wa wanamichezo pale chuoni, mtu mweusi wa Detroit, aliyefariki mwaka 2024. Brady mwenyewe amesimulia mara nyingi: alikwenda kwake kulalamika kwamba mazoezini anapewa zamu mbili tu za kurusha, wenzake wanapewa nyingi. Harden hakumwambia kocha ni mbaya. Hakumpigia makofi. Alimwambia azifanye hizo mbili vizuri kadiri awezavyo. Brady akaingia kwenye zamu zake mbili kama mtu anayecheza fainali. Mbili zikawa nne, nne zikaongezeka. Msimu wa 1998 akawa kwotabeki wa kwanza, na bado mwaka uliofuata kocha akawa anampokezanisha na kijana mgeni mwenye jina kubwa, Drew Henson. Hakurudisha jezi.

Mwenzenu alipewa zamu ngapi mazoezini? Nilimuuliza wakati tunaagana. Akasema sita. Mara tatu ya zile za Brady, na ameziacha uwanjani.

Ikaja siku ya timu kubwa za ligi ya NFL kuchagua wachezaji wapya, Aprili 2000. Walichaguliwa watu 198 kabla yake, wakiwemo makwotabeki sita. Timu aliyoipenda tangu utotoni, San Francisco, ilimchukua mwingine. Walikuwa wamempima mbio za yadi 40 akatumia sekunde 5.28, wakaona hana mbio, ni mwembamba, hana mwili wa kazi. Timu yetu ya New England wakamchukua katika raundi ya sita, nafasi ya 199, nao walikuwa tayari na makwotabeki watatu. Akawa wa nne. Msimu wake wote wa kwanza alirusha mipira mitatu, katika mechi moja, siku ya Sikukuu ya Shukrani kule Detroit. Mmoja tu ukadakwa na mwenzake, timu ikasogea mbele. Yadi sita.

Yadi sita kwa mwaka mzima! Alipostaafu alikuwa na yadi 89,214, ambazo hakuna mtu mwingine amezifikia katika historia ya ligi hiyo, na zile sita za Detroit zimo humo ndani, zimehesabiwa.

Najua mtasema, lakini mwaka 2001 bahati ilimwangukia. Ni kweli, Septemba 23 kwotabeki wetu wa kwanza, Drew Bledsoe, aligongwa na mchezaji wa timu ya Jets, damu ikavujia kifuani, akakaribia kufa, na Brady akaingia. Lakini kwa nini aliingia yeye? Kwa sababu mwaka ule mmoja wa kusugua benchi alikuwa amepanda kutoka wa nne hadi wa pili. Bahati ilipobisha hodi ilimkuta mlangoni amevaa viatu.

Na kuna jambo mnalolipita haraka. Bledsoe naye mnamjua? Alikuwa mtu wa kwanza kuchaguliwa katika nchi nzima mwaka 1993. Miezi michache kabla ya kuumia alitia saini mkataba wa dola milioni 103. Alipopona akataka nafasi yake, kocha akamwambia kaa. Akakaa, akiumia moyoni, kwa ajili ya kijana namba 199. Januari 2002, nusu fainali kule Pittsburgh, Brady akaumia kifundo cha mguu. Wakamwita Bledsoe. Mtu ambaye hakuwa amecheza tangu Septemba akavaa kofia ngumu, akaingia uwanjani, akarusha mpira wa tachidauni, yaani bao la kuuvusha mpira mstari wa mwisho wa wapinzani, na timu ikashinda 24 kwa 17. Wiki moja baadaye fainali ilirudishwa kwa Brady, na Bledsoe akarudi benchi. Ile pete ya kwanza ya ubingwa mnayomhesabia Brady, bila mtu wa benchi isingekuwepo. Mzee wangu yule wa usiku alilia machozi siku ya Pittsburgh, nikamfuta kwa taulo, naye akaniambia niangalie sura ya Bledsoe, nisiangalie ubao wa magoli.

Mengine mnayajua kuliko mimi: ubingwa sita hapa kwetu na wa saba Tampa Bay akiwa na miaka 43, ile fainali ya Februari 2017 walipokuwa nyuma 28 kwa 3 dhidi ya Atlanta wakashinda 34 kwa 28, misimu 23. Pia yapo ya kumpunguzia, na siyafichi: mwaka 2016 alifungiwa mechi nne katika kesi ya mipira iliyopunguzwa upepo.

Sasa kuhusu nani mkubwa kuliko wote. Nanyi mlipoanza kumwita Dan Marino, kwotabeki wa zamani wa Miami, "bure kabisa" kwa kuwa hana pete, nilitaka kusimama. Mwaka 1984 Marino alirusha yadi 5,084 na tachidauni 48, wakati katika ligi ya NFL hakuna aliyewahi kufikisha yadi 5,000 kwa msimu. Akafika fainali moja, akafungwa na San Francisco ya Joe Montana, na hakurudi tena fainali maisha yake yote. Hilo ni la kuhuzunikia, si la kutukania. Montana naye alicheza fainali nne, akashinda nne, na hakuna mpira wake hata mmoja ulionyakuliwa na wapinzani katika fainali hizo. Brady alifungwa tatu. Na kama mizani yenu ni ubingwa tu, mbona hamkumtaja Otto Graham wa Cleveland, aliyecheza miaka kumi, kuanzia 1946 hadi 1955, akafika fainali zote kumi na kutwaa saba? Mimi namweka Brady mbele ya wote, na sioni haya kusema hivyo, ila namweka mbele kwa sababu ya urefu wa safari na mahali alipoanzia. Na yeye mwenyewe, Januari 1982, akiwa mtoto wa miaka minne, alikuwa jukwaani na wazazi wake akimtazama Montana. Hakukua kwa kumdharau aliyemtangulia.

Kwenye kustaafu sitakaa sana, maana nyinyi ni vijana na somo hilo ni letu wazee. Februari 1, 2022 alitangaza kutundika daluga. Siku ya arobaini akatangaza anarudi. Kwetu arobaini ndiyo siku ya kuvunja matanga, watu wakasambaa, maisha yakaendelea. Yeye arobaini yake ilimrudisha uwanjani, na msimu huo ukawa mchungu: ndoa ilivunjika, timu ikashinda mechi nane na kupoteza tisa, kisha Dallas wakawatoa 31 kwa 14. Februari 1, 2023 akaaga tena, mara hii kwa kweli. Simlaumu. Kung'atuka, neno alilotupa Mwalimu Nyerere kutoka Kizanaki, na akalitenda mwaka 1985, ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kuitwa. Nawaambia na wenyeviti wa vyama vyetu hapa Massachusetts, mliokalia viti hivyo tangu vijana hawa hawajazaliwa: mnawasugulisha benchi watu wazima wenye uwezo, halafu mnashangaa watoto wao hawajui kusubiri kwa matumaini.

Na sasa wewe baba, uliyesema kocha anambagua mwanao.

Neno hilo silichezei. Katika mchezo huu huu, na katika nafasi hii hii ya kwotabeki, watu weusi walizuiwa kwa miaka mingi, wakaambiwa hawana akili ya kuongoza. Marlin Briscoe alirusha tachidauni 14 kule Denver mwaka 1968; mwaka uliofuata hakupewa tena nafasi hiyo, akaenda Buffalo kuwa mdakaji. Warren Moon mwaka 1978 hakuchaguliwa na timu hata moja, akaenda Canada, akatwaa ubingwa mara tano mfululizo na timu ya Edmonton, ndipo timu za Marekani zikamkubali. Doug Williams alishinda Super Bowl, ndiyo hiyo fainali ya NFL, Januari 1988, mweusi wa kwanza katika nafasi hiyo, na ilibidi tungoje hadi Februari 2023, siku chache tu baada ya Brady kuaga, kuona makwotabeki wawili weusi, Mahomes na Hurts, wakianza fainali moja. Watu hao walilipa gharama. Ndiyo maana nakuuliza kwa heshima, mwanangu: umekwenda kwenye mechi ngapi za kijana? Mazoezi umeyatazama hata mara moja? Huyo kwotabeki wa kwanza aliyempita mwanao unamjua jina? Mimi nimekwenda Ijumaa tatu, na wazazi wetu niliowaona jukwaani ni wawili. Tunachangishana maelfu ya dola kwa harusi ya siku moja, na mtoto anavunjwa mbavu uwanjani hana hata mtu wa kumpelekea maji. Ukienda, ukatazama, ukauliza, na ukauona ubaguzi, nipigie simu. Tutakwenda shuleni pamoja, nami nitaongea kwanza. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kijana huyu tumemsifia vipande vya video mpaka akaona mazoezi ni ya wengine.

Yaliyobaki nayasema kwa ufupi. Laleni mapema. Ukigongwa kichwa ukaona giza, mwambie kocha palepale, usijifanye dume. Ubongo hauna wa akiba. Alama za darasani zisishuke. Msimtukane mchezaji aliyefungwa. Mama anayekufulia jezi msaidie kubeba kapu.

Na wewe kijana wangu, nimekuacha wa mwisho kwa sababu nakupenda. Jana nilikwenda kumwona kocha wako. Nilivaa koti langu la Ijumaa, nikamwambia mimi ni babu. Nilimuuliza kama mlango umefungwa. Hakuniahidi nafasi ya kwanza, na sikumwomba. Alifungua kabati akanionyesha kofia yako. Jina lako bado limebandikwa juu yake. Mazoezi yanaanza Jumatatu saa tisa alasiri. Gari langu litakuwa mlangoni kwenu saa nane na nusu.

Babu yenu,
Lowell, Massachusetts