Yasini, usizifyatue risasi hizo

Bombo, Uganda

Kwa ndugu yangu Yasini,

Assalaam aleykum. Sisi huku hatujambo. Mama Zulfa amepata nafuu na anakusalimu, na Hamisi bado anangojea majibu ya lile jambo lake. Barua yako kutoka Karoo, huko Afrika Kusini, niliipokea juzi, na ninaijibu kwa haraka hivi kwa sababu ya sentensi moja uliyoiweka mwishoni kama habari ndogo, kwamba siku hizi bolti ya bunduki yako, ile komeo inayofunga ganda ndani, hunyanyuka kwa shida baada ya kufyatua. Tafadhali zitenge risasi zote zilizobaki katika boksi la zile unazozijaza mwenyewe, wala usifyatue hata moja, hata mbweha akisimama mbele ya zizi la kondoo.

Umesema kipimo cha baruti hukukibadilisha, ila uliacha vichwa vya risasi vya greni 50 (kile kipimo cha uzito) ukachukua vile vizito zaidi vya greni 69 alivyokupa jirani. Hapo ndipo penye hatari. Kichwa kizito huchelewa kuondoka, na kwa kuwa ni kirefu huingia zaidi ndani ya ganda na kuipunguzia gesi nafasi, kwa hiyo shinikizo hupanda ingawa baruti ni ile ile. Tena kipimo chenyewe ulikipata Julai, wakati wa asubuhi za baridi kali, na sasa unafyatua Januari mchana. Baruti nyingi huwaka kwa shinikizo kubwa zaidi zikipata joto, na wewe mwenyewe umeniambia boksi hukaa kwenye dashibodi ya gari.

Chukua ganda lililotumika ulitazame kitako chake. Fataki, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ikiwa salama hubaki na ukingo wa mviringo kidogo, ilhali iliyozidiwa hubapa ikajaza tundu lake lote hata usione mpaka kati yake na shaba ya ganda. Ukiiona hali hiyo pamoja na bolti nzito, usitafute ushahidi mwingine.

Kuhusu shabaha uliyolalamikia, kosa si la jicho lako. Bunduki za risasi ya .222 Remington kama yako, tangu risasi hiyo ilipotoka mwaka 1950, kwa kawaida hupewa mtutu ambao mifuo yake, ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, huzunguka mara moja kwa kila inchi 14. Mzunguko huo unavifaa sana vichwa vifupi vya greni 50 au 55, lakini kichwa kirefu cha 69 hakizungushwi vya kutosha, huyumba hewani na kupiga kwa ubavu. Ndiyo maana katika picha ya karatasi yako matundu mawili ni marefu, kama tundu la ufunguo.

Basi rudi kwenye greni 50. Anza na kipimo cha chini kabisa kilichoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti yako, kisha panda kidogo kidogo, na ujaribu siku za joto. Mezani liwepo kopo moja tu la baruti. Pima kila ganda kwa mizani, na kabla ya kukandamiza vichwa, mulika tochi ndani ya maganda yote uone kama baruti imelingana, kwa kuwa ganda lililojazwa mara mbili linaweza kupasua bunduki. Maganda yote yakatwe urefu mmoja. Ninakusihi pia uache kutafuta mwendo mkubwa wa risasi, maana mara nyingi risasi zinazokusanyika pamoja kwenye karatasi ni zile zilizo chini ya kiwango cha juu, na mbweha wa mita 150 hahitaji zaidi ya hapo.

Natamani ningekuwa karibu nikakagua mwenyewe, kama tulivyozoea karakanani. Huku, kama ujuavyo, silaha na risasi zinabanwa na sheria ya mwaka 1970, na mkulima anayeliwa mahindi na nyani hukimbilia kwa Mamlaka ya Wanyamapori.

Je, baruti yako ni ya aina gani, na kopo lilifunguliwa lini? Maganda hayo yameshajazwa mara ngapi, na shingo zake zina nyufa? Unacho kile kifaa cha kung'olea vichwa, au unakusudia kutumia koleo? Na mwenye shamba, amekwisha kujua? Nijibu kabla ya kufyatua tena.

Ni mimi nduguyo,
Ramadhani