Safari ya theluji na watoto wachanga: lipieni nyumba kabla ya tiketi za lifti

Kila mwaka ikifika Oktoba, simu za ofisi yetu ya safari hapa Munich huleta ombi linalofanana. Ni familia tatu au nne, marafiki wa kanisani au wa chama, wanataka kwenda milimani Austria kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyewahi kuvaa skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, kuna watoto wachanga wawili au watatu, na fedha ni za kuhesabu. Wengi wanatupigia wakiwa wameshaanza kutafuta tiketi za lifti, yaani vyombo vinavyowapandisha watu mlimani. Tunawaomba waziache kwanza.

Fanyeni hesabu. Tiketi ya siku moja ya mtu mzima katika maeneo makubwa ya skii ya Tirol, jimbo la Austria, imeshapita yuro 70. Kwa bei hiyo ya siku, watu wazima sita kwa siku sita ni zaidi ya yuro 2,500, na hapo hamjakodi skii, buti wala helmeti. Mwenye mtoto wa miezi minane hatashinda mlimani: kuna kunyonyesha, kuna nepi, kuna usingizi wa mchana. Anayejifunza naye, siku ya kwanza miguu humwisha nguvu baada ya saa mbili tatu, na muda wote huo yuko bondeni kwenye kiwanja cha mazoezi, anapandishwa polepole na mkanda ulio chini. Mnunulieni tiketi ya kiwanja hicho au ya nusu siku. Ulizeni pia dirishani kama wana tiketi ya wazazi ya kupokezana, baba asubuhi, mama mchana. Si kila mahali wanayo, lakini ilipo inaokoa pesa nyingi.

Fedha mtakayobakiza iwekeni kwenye nyumba. Hili tulijifunza kwa uchungu. Safari yetu ya kwanza tulikodi nyumba ya bei nafuu, kilomita 12 kutoka kwenye lifti. Kila asubuhi tulipakia magari kama watu wanaohama: vigari vya watoto, chupa, blanketi, nguo za kubadilisha. Mtoto mmoja akilia, gari zima linarudi. Akina mama watatu walishinda wiki nzima kwenye maegesho na mikahawa, na mmoja wao hakugusa theluji hadi siku ya kuondoka. Tangu hapo hatuwakatii wateja wenye watoto wachanga nyumba ambayo mtu hawezi kurudi kwa miguu ndani ya dakika kumi.

Kwa wanaotoka Munich, sisi hupenda vijiji vya Söll na Ellmau, chini ya safu ya milima ya Wilder Kaiser. Ni kama kilomita 100, na vijiji vyenyewe viko chini ya mita 1,000, kwa hiyo mtoto hahangaiki na hewa nyembamba. Hakuna haja ya kumpeleka mtoto mchanga juu ya Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, mita 2,962, kwa ajili ya picha. Mkipanda lifti fupi, mnyonyesheni au mpeni chupa wakati wa kupanda na wa kushuka, maana kumeza kunafungua masikio.

Tarehe nazo zina bei yake. Krismasi, mwaka mpya na likizo za shule za Februari ni ghali kila mahali. Baada ya sikukuu ya Januari 6 bei hushuka, na watoto wenu hawajafungwa na kalenda ya shule, basi itumieni nafasi hiyo. Nyumba nyingi hubadilisha wageni Jumamosi, na barabara ya kwenda Kufstein, mji wa mpakani upande wa Austria, siku hiyo hujaa. Tafuteni nyumba inayokubali Jumapili hadi Alhamisi. Kabla ya kulipa, ulizeni ada ya usafi wa mwisho, amana, kodi ya wageni ya kila usiku, na kama vitanda vya watoto vimo ndani ya bei.

Kugawana gharama ndiko kunakovunja urafiki, kwa hiyo kubalianeni mapema. Pendekezo letu: nyumba kwa chumba, chakula kwa kichwa cha mtu mzima, watoto wachanga bure, na anayebaki na watoto asichangie lifti ya wengine. Mmoja ashike fedha na risiti. Chakula pikeni wenyewe. Bebeni mchele, unga, viungo vya pilau na tangawizi ya chai, na uji wa watoto uende kwenye thamosi.

Sasa baridi, jambo linalotutia wasiwasi kuliko yote. Mtoto aliyebebwa hasogei. Aliyembeba anatoka jasho na kudhani mtoto naye ana joto. Msipime kwa vidole, vitakuwa baridi tu. Shikeni nyuma ya shingo. Tokeni nje kwa vipindi vifupi, mrudi ndani kabla hajaanza kulia. Ndani ya gari mvueni koti nene kabla ya kumfunga kwenye kiti chake, kwa sababu gari likigonga koti hubonyea na mkanda unabaki umelegea. Mfunikeni blanketi juu ya mkanda. Tena wengi wetu hudhani ngozi nyeusi haiungui. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza. Mtoto wa chini ya miezi sita akae kivulini badala ya kupakwa krimu ya jua. Na mbeleko, ambayo kwetu humfikisha mtoto popote, isipande skii kamwe, hata kama mama ni hodari. Anaweza kugongwa na mtu asiyemwona.

Shule nyingi za skii hupokea watoto kuanzia miaka mitatu hivi. Walio chini ya hapo wanahitaji kituo cha kulelea au zamu zenu wenyewe.

Mpakani, wakati wa kurudi, polisi wa Ujerumani hukagua. Kila mtoto awe na hati yake, hata wa wiki sita. Tangu Januari 1, 2024 Ujerumani haitoi tena ile pasi ndogo ya watoto, kwa hiyo mtoto raia anahitaji kitambulisho au pasipoti ya kawaida. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania abebe na kibali chake cha ukaazi. Kadi ya bima ya afya itawasaidia kwa daktari wa Austria, lakini hailipii helikopta ya uokoaji mlimani. Kateni bima ya uokoaji kabla ya kuondoka. Dereva akumbuke matairi ya baridi na ada ya barabara kuu za Austria (vinyeti), ikiwa njia yake inaidai.

Mkituandikia, tutajieni umri wa kila mtoto kwa miezi, saa anazolala mchana, na nani kati yenu anataka kweli kujifunza skii. Asiyetaka tutamtafutia sleji, kigari cha kukalia na kuteleza kwenye theluji, na njia ya kutembea na kigari.