Barua ya malalamiko: msumeno wa meza uliotumika, uliouzwa kwa maelezo yasiyo ya kweli

Sakina,
Arusha.
14 Agosti 2024

Meneja Mauzo,
Duka la Mashine za Useremala,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: MSUMENO WA MEZA WA INCHI 10 MLIONIUZIA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu msumeno wa meza uliotumika, wa Kimarekani, wa aina ile ambayo mota inaning'inia nyuma na kuzungusha bledi kwa mkanda. Nililipa Sh 1,850,000, mbali na gharama ya kirikuu na vijana wa kupakia, maana meza ya chuma cha kumimina haibebwi na mtu mmoja.

Niseme mapema kwamba silalamikii uzee wa mashine. Uzee huo niliutaka. Misumeno midogo mipya inayouzwa mjini kwa bei hiyo ina meza ya aluminiamu na inahama ikiguswa. Mimi nina banda nyuma ya nyumba, natengeneza makabati na vitanda, na nilitaka kitu kizito kisichotikisika ubao mrefu wa mninga ukipita juu yake. Meza yenyewe nimeipima kwa rula ya chuma, imenyooka. Kutu niliiona, tukapatana bei. Ninacholalamikia ni yale mliyoniambia na kuniandikia ambayo siyo.

Kubwa ni mota. Karatasi mliyoibandika kwenye mashine ilisema: hosipawa 1.5, volti 230, herzi 50, tayari kwa umeme wa Tanzania. Kijana wenu aliwasha mbele yangu, ikazunguka vizuri, ila hakupasua hata kipande kimoja. Kwangu, saipresi ya inchi moja inapita. Ukiingiza mninga wa inchi mbili, sauti inashuka, bledi inazubaa ndani ya mbao, na muda si mrefu mota haishikiki kwa joto na banda zima linanuka vanishi ya koili. Bamba la mota lilikuwa limepakwa rangi ya kijivu ileile ya mwili wa mashine. Nikalisugua kwa tambara lenye thina. Chini ya rangi pameandikwa volti 115/230, herzi 60, mizunguko 3450 kwa dakika.

Aliyelipaka rangi bamba hilo alikuwa amelisoma.

Fundi wa kusuka mota aliyeifungua alikuta nyaya zimeunganishwa kwa volti 230, na hapo sina neno. Lakini herzi, yaani mara ambazo umeme unabadilika mwelekeo kwenda na kurudi kwa sekunde, hazibadiliki kwa kugeuza nyaya. Umeme wetu ni wa herzi 50. Mota iliyosukwa kwa herzi 60, ikipewa volti zilezile, inapoteza sehemu moja ya sita ya kasi yake, yaani 3450 inakuwa kama 2875, huku ikivuta ampea nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Ampea hizo za ziada ndizo zinazogeuka joto. Nilipowapigia simu niliambiwa ninunue stabilaiza. Stabilaiza inazuia volti zisipande wala kushuka ovyo, lakini herzi inaziacha kama zilivyotoka kwenye nguzo. Duka linalouza mashine za umeme linapaswa kulijua hilo kabla ya kumtuma mteja akanunue kifaa kingine, tena dukani humohumo.

Bledi nayo ina kasoro. Shafti ya msumeno huu ni inchi 5/8, karibu milimita 16. Bledi mliyonifungia ina tundu la milimita 30, na nafasi iliyobaki imejazwa kwa bushi ya aluminiamu iliyochongwa kwa makadirio. Chomoeni plagi, wekeni kipande cha mbao kiguse jino moja, kisha zungusheni bledi kwa mkono. Mkifika upande wa pili, kati ya jino na kile kipande inapita kadi ya benki. Bledi haipo katikati ya shafti, kwa hiyo meno ya upande mmoja yanafanya kazi ya wote na mashine nzima inatetemeka.

Kisha kuna kinga ya bledi, pamoja na lile bapa la chuma linalosimama nyuma yake kuzuia mbao isiibane. Kwenye picha mlizonitumia vipo. Kwenye kirikuu havikuwemo. Jibu la muuzaji wenu lilikuwa kwamba mafundi wengi huvitoa tu. Wakivitoa kwenye misumeno yao ni hiari yao. Mbao ikibana bledi kwa nyuma inarushwa kwa aliyesimama mbele, na anayesimama mbele ni mimi, wakati mwingine mwanangu akiwa pembeni ananishikia ncha.

Risiti yenu ina muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Muhuri huo haufuti Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayotaka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Wala haufuti Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi. Mbuzi nilimwona, hakuwa kwenye gunia. Kilichofichwa ni cheti chake.

Naomba mchague moja. Ama mnifungie mota ya herzi 50 yenye hosipawa 1.5, pamoja na puli yake kubwa kidogo ya kurudisha kasi ya bledi, bledi yenye tundu sahihi, kinga na bapa lake, kwa gharama zenu. Ama mje mchukue msumeno wenu na kunirudishia fedha yote pamoja na nauli ya kirikuu. Punguzo la bei mlilolitaja kwenye simu silitaki, kwa sababu halipozi mota.

Nasubiri jibu la maandishi hadi Ijumaa, tarehe 30 Agosti 2024. Baada ya hapo nitapeleka lalamiko hili Tume ya Ushindani, pamoja na ile karatasi ya dukani, picha zenu na picha ya bamba kabla na baada ya thina. Msumeno upo bandani, umezimwa. Mtu wenu anaweza kuja kuukagua siku yoyote baada ya saa kumi jioni.

Wenu,

Mteja
(jina na namba ya simu ni kama zilivyo kwenye risiti)

Viambatanisho: nakala ya risiti, karatasi ya maelezo ya mashine, picha, na maandishi ya fundi wa mota.