Aliyekushika, Kashikwa na Nani?

Tanga, Jumapili usiku

Mama Nasra, shoga yangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti ulinikuta Ijumaa nikikanda unga, ikabidi nimwite mtoto anibonyezee simu. Nimefurahi mno kusikia mko wazima wote huko Maskati na kwamba Nasra amefunga shule salama. Sisi huku hatujambo. Mvua zimechelewa, lakini kisima cha nyuma bado kina maji.

Umeniomba majina ya sinema za kuangalia na Nasra likizo hii, "zile picha zako za watu wanaoruka", halafu ukaniuliza mtu mzima na mvi zangu bado nazitafutia nini. Ningeweza kukutajia majina matano tukamaliza. Lakini swali lako limenikaa kifuani siku mbili hizi, nikaona bora nikae chini nikuandikie.

Unakumbuka kile kibanda cha video kule Ngamiani? Mabati pande zote, gunia mlangoni badala ya pazia, na wasichana hatukuruhusiwa. Kulikuwa na tundu moja la msumari, juu kuliko kichwa chako na chini kidogo ya dari, na njia pekee ya kulifikia ilikuwa wewe upande mabegani kwangu. Kwa hiyo nusu ya picha za utoto wangu sikuziona kwa macho. Nilizisikia kwa mdomo wako, jicho lako moja likiwa tunduni.

Siku ile ya *Superman* uliniumiza shingo. Picha yenyewe ni ya mwaka 1978, na ilipotufikia sisi ilikuwa kuukuu, kanda imechoka. Hizi kanda alizotutafsiria Lufufu kwa Kiswahili zilikuwa bado, ila palikuwa na yule kaka mwenye kipaza sauti aliyekuwa akitufasiria palepale. Lois Lane, yule dada mwandishi wa habari, ananing'inia kwenye helikopta iliyokwama ukingoni mwa ghorofa. Anaachia, anaanguka. Ukapiga kelele, "Kamdaka! Kamdaka hewani!" Kisha kibanda kizima kikacheka, nikakuuliza wanacheka nini. Ukaniambia kwa sauti ya chini: jamaa kamwambia dada asiogope, amemshika, na dada anamuuliza, wewe umenishika mimi, haya, wewe umeshikwa na nani?

Wewe juu hukucheka. Mimi chini, visigino vyako vikinichoma mbavuni, sikucheka pia. Lile swali sijaliacha mpaka leo, na kila picha ninayoipenda naipenda kwa sababu inajaribu kulijibu.

Baadaye nilikuja kujua nani hasa alimshika Superman. Ni nyaya. Christopher Reeve, aliyemcheza Superman, alikuwa akining'inizwa studio mbele ya pazia kubwa la kuonyeshea picha, na mafundi walikuwa na projekta na kamera zenye lenzi zilizokuwa zikivuta na kuachia kwa pamoja, hivyo yeye amebaki palepale lakini wewe unamwona anakuja kasi. Kazi ile iliwapa tuzo maalumu ya Oscar. Halafu mwaka 1995 Reeve akaanguka kutoka kwenye farasi, akapooza kuanzia shingoni kushuka chini. Akaishi miaka tisa kwenye kiti cha magurudumu, anapumua kwa mashine, mkewe Dana yuko naye, mpaka alipofariki mwaka 2004. Yule aliyedaka helikopta kwa mkono mmoja, shoga yangu, alikuwa akigeuzwa kitandani na watu.

Kibandani kanuni ilikuwa moja: steringi, yule shujaa wa picha, hafi. Adui atapiga, nyumba zitaungua, lakini steringi atafika mwisho wa mkanda. Mimi kanuni hiyo hainitoshi tena. Nataka nione siku steringi anapoishiwa nguvu, na ni akina nani wanaonyoosha mikono.

Kwa hiyo cha kwanza mwonyeshe Nasra *Spider-Man 2* ya mwaka 2004, ya Sam Raimi. Mengine yote yanaweza kupita huku mnamenya karanga, lakini ikifika ile treni acheni kila kitu. Daktari Octopus, yule mwenye mikono minne ya chuma mgongoni, ameharibu breki, na treni iliyojaa abiria inakimbilia mwisho wa reli, reli yenyewe iko juu angani. (Sehemu kubwa walipiga Chicago, maana New York ya katikati haina treni za juu kama zile.) Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, amesimama mbele kabisa ya behewa. Hana kinyago. Anajaribu kwa miguu, anashindwa. Anatupa utando kushoto na kulia, unashika majengo, majengo yanabomoka. Anatupa tena, mwingi zaidi, anaushika kwa mikono miwili, na unaona nguo inachanika mabegani, na uso, uso wa Tobey Maguire unavyokunjamana kama wa mwanamke anayejifungua. Treni inasimama pua ikiwa nje ya reli. Naye anazimia, anaanza kuangukia mbele.

Sasa tazama mikono. Mkono mmoja unamshika kifuani, wa pili begani. Abiria wanamwingiza ndani, wanampokezana juu ya vichwa vyao kutoka mbele kwenda nyuma, polepole, kama tunavyopokezana jeneza. Wanamlaza chini. Mzee mmoja anamtazama na kusema ni kijana tu, hata mwanawe hajamzidi umri. Na watoto wawili wanamrudishia kinyago chake na kuahidi kwamba hawatamwambia mtu. Nimeiona mara nyingi hata sihesabu, na kila ikifika pale kwenye mikono nafuta macho kwa upindo wa khanga.

Cha pili ni kirefu, kinahitaji siku tatu na biskuti za kutosha: *The Lord of the Rings*. Peter Jackson alizipiga zote tatu kwa mkupuo mmoja kwao New Zealand, kuanzia mwaka 1999, zikatoka 2001, 2002 na 2003. Ya mwisho ilichukua Oscar 11. Watu wanazisifia kwa vita, na vita vipo, lakini mimi vita huvipita. Nangoja Sam. Frodo amebeba pete yenye laana mpaka imemla mwili na akili, na chini ya ule mlima wa moto hawezi tena hata kutambaa. Sam, ambaye kazi yake ni mtunza bustani tu, analia, kisha anamwambia kwamba pete hawezi kumbebea, lakini yeye mwenyewe anaweza kumbeba. Anamtupa begani anapanda naye. Mtunza bustani! Hana upanga wa maana, hana uchawi, hana ukoo. Kwangu mimi steringi wa picha ile ni Sam, na Nasra akibisha mwambie anipigie.

Nyingine nitazipitia haraka. *The Matrix* aisubiri akue kidogo. *Return of the Jedi* ya 1983 aiangalie walau kwa jambo hili: rubani msaidizi wa Lando kwenye kile chombo cha angani, yule mwenye mashavu yanayoning'inia, anaongea Kikuyu. Sauti ile ni ya mwanafunzi wa Kikenya aliyekuwa Marekani. Mimi jirani yangu ni Mkikuyu, nilimwekea kipande kile akaruka kitini.

*Black Panther* umeshaiona, najua, ulinitumia picha yako na gauni la kwenda nalo sinema. Naipenda kwa zile nguo za Ruth E. Carter, zilizompa Oscar, na kwa Lupita wetu. Lakini siku hizi siwezi kuitazama bila kumfikiria Chadwick Boseman, steringi wake. Aliambiwa ana saratani ya utumbo mwaka 2016. Picha ikapigwa 2017. Zile ngumi zote, yale maporomoko ya maji, alikuwa mgonjwa, na sisi tulishangilia tu bila kujua. Alifariki Agosti 2020, ana miaka 43. Waliokuwa wamemshika ni wachache sana wa karibu yake, nao walifunga midomo.

Na sasa ile ninayotaka uanze nayo kuliko zote. Inaitwa *Supa Modo*, ya Kenya, ya mwaka 2018, ameiongoza Likarion Wainaina. Ni ya saa moja na robo hivi, na wanaongea Kiswahili chao na Kikuyu, kwa hiyo Nasra hatahitaji kusoma maandishi kila dakika. Binti mdogo, Jo, ana miaka tisa na ana maradhi yasiyopona. Ana ndoto moja, awe shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa hospitali amrudishe nyumbani, siku chache zilizobaki akae nao. Mama anataka mtoto alale, apumzike, asiumie. Dada yake, Mwix, anaona tofauti: anamfanya aamini kwamba nguvu anazo kweli. Na kijiji kinaingia. Watu wazima na kazi zao wanakubali kucheza mchezo wa mtoto mmoja, mpaka wanaamua kupiga sinema nzima ambayo yeye ndiye steringi. Hakuna kompyuta iliyochora majengo yakianguka. Kuna mtoto mwenye joho, na watu waliosimama nyuma yake. Mwisho sikusimulii. Weka leso karibu, na umweke mama yule moyoni, kwa sababu wewe na mimi ni mama, na yule mama hana kosa.

Umeniuliza kwa nini bado naziangalia. Nikwambie jambo ambalo kwenye simu sikulisema, kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika na mimi nilikuwa nalia.

Baba unamjua. Miaka yote ile kuli bandarini, magunia ya saruji mgongoni, jioni anatubeba sisi wawili, mmoja kila bega, mpaka kwa muuza mihogo. Kiharusi kilipompiga hakutaka kuguswa. Alilala chumbani wiki nzima akitazama ukuta. Siku ya nane nikaenda kuwaita vijana wa pale kijiweni, wale anaowagombeza kila siku kwa kelele zao. Wakaja wanne, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Tukamwinua. Alikuwa mwepesi, Mama Nasra, mwepesi hata nikaogopa. Mkono wake mzima ulinizunguka shingo, vidole vikashika khanga yangu begani na kuivuta mpaka uzi ukakatika. Akawa anasema, "Niacheni, nitawaangusha." Mmoja wa wale vijana akamjibu, "Mzee, sisi tuko wengi." Tukamtoa mpaka barazani, akaona barabara, akaona watu wanarudi sokoni, akaomba kahawa.

Tulimtoa hivyo kila jioni kwa miezi minne, Mungu amrehemu. Jioni ya kwanza, tulipokuwa tukipita naye mlangoni kwa ubavu, mguu kwanza, nilichokuwa nakiona mimi ni lile behewa na ile mikono. Khanga ile sijaishona.

Basi ratiba yako ni hii: *Supa Modo* usiku wa kwanza, *Spider-Man 2* wa pili, na wale watembezi wa New Zealand mwaweza kuwaanza Alhamisi jioni. Baba Nasra akisema ni mambo ya watoto, mkalishe hapo kwenye treni, usimwambie kitu.

Ukimaliza nitumie sauti, lakini usiniambie tu kwamba ilikuwa nzuri. Nisimulie ile treni yote, kuanzia breki mpaka kinyago, kama ulivyokuwa ukinisimulia zamani, kana kwamba wewe ndiye uliye juu kwenye tundu na mimi niko chini sioni kitu.

Nisalimie Nasra na baba yake. Ukipata mtu anayekuja huku, nitumie na ile haluwa ya zafarani.

Wako,
Yule wa chini